Kwa Anayeanza Kutengeneza Kitambaa cha Pamba Chenye Sumaku

Anayeanza kazi hii hufurahi mno siku ya kwanza kitambaa chake kinapoifuata sumaku, nami nilifurahi vivyo hivyo, hadi nilipokifua kwa sabuni na kuona beseni limejaa maji meusi. Chembe za magnetiti, yaani oksidi nyeusi ya chuma inayovutwa na sumaku, zilikuwa zimekaa juu ya uzi kama vumbi. Tangu hapo sikisifu kitambaa chochote kabla hakijafuliwa mara kadhaa na kusuguliwa kwa kitambaa cheupe kikavu.

Uimara huanzia kwenye pamba yenyewe. Pamba mbichi ina nta inayokataa maji, kwa hiyo ichemshe kwanza katika myeyusho wa hidroksidi ya sodiamu (soda kali) na kuisuuza vizuri. Ukidondosha tone la maji juu yake nalo likabaki limeviringana, bado hujamaliza. Kisha iloweke katika myeyusho wenye ioni mbili za chuma cha tatu (chenye chaji tatu chanya, Fe³⁺) kwa kila ioni moja ya chuma cha pili (chenye chaji mbili chanya, Fe²⁺), uuache upenye, ndipo uongeze amonia ili magnetiti ijiunde humo humo ndani ya nyuzi zilizovimba. Chembe iliyozaliwa ndani haitoki kirahisi kama ile iliyotengenezwa kando ikapakwa juu. Lakini usiilaze pamba humo muda mrefu, hasa kwenye joto, kwa kuwa myeyusho huo ni wa tindikali na huila selulosi, yaani kitu kinachojenga nyuzi za pamba.

Wengi hukosea kwenye chumvi za chuma zinazotengeneza myeyusho huo. Kloridi ya chuma cha pili iliyo nzima ni ya kijani hafifu. Ikianza kuwa ya hudhurungi, ujue hewa imekwisha kuigeuza, na uwiano wa 1 kwa 2 ulioupima kwenye mizani haupo tena ndani ya chombo. Ndiyo maana tunapitisha gesi ya naitrojeni ili kuondoa hewa, na kungoja weusi mzito, si rangi ya kutu.

Ukitaka kuzikaza chembe zaidi, tumia asidi ya sitriki pamoja na kichocheo cha hipofosfaiti ya sodiamu, ukioke kitambaa kwenye nyuzijoto 160 hadi 180 za Selsiasi kwa dakika chache tu, maana ukizidisha, kitambaa hupoteza nguvu na kuchanika kwa urahisi.

Maji ya kufulia usiyamwage. Shikilia sumaku kali ubavuni mwa bika (chombo cha kioo cha maabara), zikusanye chembe zilizotoka, zikaushe na uzipime ujue ni kiasi gani kimetoka.