Maswali ya Wasomaji: Wimbi Linapopita Juu ya Nyasi Bahari

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zinagusa jambo moja, nalo ni namna wimbi linavyopungua nguvu linapopita katika mimea ya pwani, na namna kompyuta inavyoweza kulikokotoa jambo hilo. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake mna kosa ambalo hata wenye uzoefu hulitenda.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa maji, na nyumbani kwetu ni Chwaka, Unguja. Kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho nimeandika programu ndogo inayokokotoa kimo cha wimbi linapovuka mita 100 za nyasi bahari. Nimeweka kina cha mita 1, wimbi la sentimita 30 linalorudi kila baada ya sekunde 6, na majani 500 katika kila mita ya mraba, kila jani likiwa na urefu wa sentimita 30, upana wa sentimita 1 na unene wa milimita 0.3. Mgawo wa ukinzani, yaani namba inayoonyesha jinsi jani linavyoyakinza maji, nimeuweka 1. Programu inaniambia kwamba upande wa pili wimbi linatoka likiwa na sentimita 5 na nusu tu. Baba yangu, ambaye ni mvuvi, alicheka aliposikia. Alisema kama ingekuwa hivyo, ngalawa yake isingekwenda mrama hata siku moja pale anapoiegesha wakati wa kusi. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, hesabu yako tumeirudia kwa mkono na tumepata jibu lilelile, kwa hiyo programu yako haina kosa. Kosa ni kwamba majani umeyafanya misumari.

Mlinganyo uliomo ndani ya programu za aina hii ni ule wa Morison na wenzake, uliochapishwa mwaka 1950 kwa ajili ya nguzo zinazosimikwa baharini. Unasema kwamba maji yanapoipita nguzo huisukuma kwa kani inayokua kwa mraba wa kasi ya maji, pamoja na kani nyingine inayotokana na maji kuongeza au kupunguza kasi. Mwaka 1984 Robert Dalrymple na wenzake waliutumia kwa mimea, wakilichukulia kila shina kuwa silinda isiyopinda, na kutoka hapo wakapata kanuni rahisi ya kukadiria kimo cha wimbi kadiri linavyosonga mbele. Bila shaka ndiyo uliyoitumia. Ni kanuni nzuri kwa kitu kinachosimama imara. Nyasi bahari hazisimami imara.

Siku utakapozama na miwani katika maji ya kiunoni, litazame jani moja tu kwa muda. Kilele cha wimbi kinapopita, jani huondoka pamoja na maji, likiyafuata kwa kasi iliyo karibu sawa na ya maji yenyewe, mpaka linyooke kabisa na kulala kuelekea pwani. Hapo husimama kidogo, maji yakiendelea kulipita, kisha bonde la wimbi linapofika hugeuka na kurudi upande wa bahari. Kwa sehemu kubwa ya safari hiyo, ncha ya jani haisukumwi na chochote, kwa sababu ukinzani hutokana na tofauti kati ya kasi ya maji na kasi ya jani. Kinachokwenda pamoja na maji hakiyazuii maji. Sehemu pekee isiyoweza kukwepa ni ile iliyo karibu na mzizi, ambako jani limefungwa na halina pa kwenda, na huko ndiko wimbi linakopotezea nishati yake.

Mitul Luhar na Heidi Nepf, waliofanya utafiti wao nchini Marekani, waliligeuza jambo hili kuwa kipimo kimoja kinachoweza kuingizwa katika programu, yaani urefu fanisi: urefu wa jani la kuwaziwa lisilopinda ambalo lingepata kani ileile inayolipata jani halisi linalopinda. Ili kuupata unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni namba ya Cauchy, inayolinganisha msukumo wa maji na ukaidi wa jani kupindwa: zidisha pamoja uzito wa kila mita ya ujazo ya maji (kwa kilo), upana wa jani, mraba wa kasi na urefu wa jani uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kisha ugawanye kwa ugumu wa jani dhidi ya kupindwa. Ya pili ni urefu wa jani ukigawanywa kwa umbali ambao chembe ya maji husogea kutoka katikati ya mwendo wake wa kwenda na kurudi. Jani likiwa laini sana, kama yalivyo majani mengi ya baharini, urefu fanisi huwa takriban urefu wa kweli uliogawanywa kwa mzizi wa nne wa zao la namba hizo mbili.

Tuziweke namba zako. Karibu na mchanga, kasi ya juu kabisa ya maji chini ya wimbi lako ni kama mita 0.45 kwa sekunde, na chembe ya maji husogea kama sentimita 43 kila upande. Tukichukua ugumu wa tishu ya jani kuwa pascal milioni 300, namba ya Cauchy inafika kama 8,000, na zao la namba zote mbili linakuwa kama 5,700. Mzizi wake wa nne hauzidi 9. Kwa hiyo jani lako la sentimita 30, mbele ya wimbi hilo, linafanya kazi ya jani la sentimita 3 na nusu hivi. Ukiingiza urefu huo katika kanuni ileile, bila kubadilisha kingine chochote, wimbi linatoka upande wa pili likiwa na sentimita 20 badala ya 5 na nusu. Kicheko cha mzee kilikuwa na hoja.

Zipo hila za kuepuka kazi hii, na inayotumika zaidi ni kuuacha urefu wa jani kama ulivyo na kuushusha mgawo wa ukinzani mpaka jibu lilingane na vipimo. Hatuipendi. Mgawo ukishushwa hadi 0.1 ili ubebe upindaji, wingi wa majani yanayokingana na kila kosa jingine la modeli, utakuwa sahihi kwa mawimbi ya siku ile uliyopima tu; siku ya mawimbi makubwa zaidi majani yatalala zaidi, na mgawo wako hautakuwa na habari. Urefu fanisi hubadilika wenyewe wimbi linapobadilika. Kutokana nao ndipo inapoonekana kwamba kani inayolipata jani laini haikui kwa mraba wa kasi, bali kwa kasi iliyopandishwa kwa kipeo cha 1.75 hivi, ambalo ndilo faida ya kuinama kwa upande wa mmea.

Ushauri wa vitendo kabla hujaenda kupima. Ugumu wa tishu ukiukosea mara mbili, urefu fanisi utakosea kwa asilimia 19 tu, kwa hiyo usipoteze usingizi. Unene ni habari nyingine, kwa kuwa huingia katika hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe mara tatu: ukidhani jani lina milimita 0.6 kumbe lina 0.3, umelifanya kuwa gumu mara nane. Tumia mikrometa, wala si rula, na upime majani mengi. Kuhesabu majani, weka fremu ya sentimita 25 kwa 25 mahali pengi tofauti. Kwa wingi ulioutaja unapaswa kupata kama majani 31 ndani ya kila fremu, na ukipata 60 hapa na 5 pale, basi wastani wa 500 unaficha mabaka, na katika mabaka matupu wimbi hupita lilivyo. Kumbuka vilevile kwamba kanuni hii inadhani jani ni utepe. Thalassodendron ciliatum, aina ya nyasi bahari inayoota kwa wingi katika pwani yetu, ina shina lenye ugumu kama wa kijiti na shada la majani juu yake, kwa hiyo shina na shada inabidi yahesabiwe mbalimbali.

Kisha kuna kina, ambacho umekiweka mita 1 kana kwamba bahari haijai wala haipwi. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu inakaribia mita 4. Wimbi lilelile likipita juu ya nyasi zilezile katika kina cha mita 4, kasi ya maji chini inapungua na majani yanasimama kidogo zaidi, urefu fanisi ukifika sentimita 4 na ushee, lakini nyasi sasa zimo katika sehemu ndogo sana ya maji, na wimbi linatoka likiwa na sentimita 29. Endesha programu yako kwa saa 12 za maji kujaa na kupwa, umwonyeshe baba mchoro wake. Tunadhani atakuambia ni saa ngapi ngalawa yake hutulia.

SWALI: Sisi ni kikundi cha kupanda mikoko huko Gazi, Kaunti ya Kwale. Mgeni mmoja alitueleza kwamba kompyuta inaweza kusema ni mita ngapi za mikoko zinazotosha kuzuia mawimbi yasile ufuo. Ni kweli? Na je, miche yetu ya miaka miwili imeanza kusaidia?

JIBU: Dada na ndugu wa kikundi, ni kweli kwa kiasi. Kwa mkoko mzima hesabu ni nyepesi kuliko ya nyasi, kwa sababu shina halipindi na kanuni ya silinda inafaa. Ugumu uko katika kuhesabu. Mkoko wenye mizizi iliyosimama kama nguzo za dungu una vizuizi vingi chini na vichache juu, ilhali mlilana, ambao aghalabu ndio unaoikabili bahari wazi, una mizizi inayochomoza topeni kama mambo na juu yake shina pekee. Programu ya SWAN, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Delft nchini Uholanzi na inayopatikana bila malipo, inaruhusu mmea ugawanywe kwa matabaka ili kila tabaka lipewe unene na wingi wake. Kwa hiyo jibu hubadilika na maji: yakifika kwenye mizizi wimbi hufa haraka, yakipanda yakafika kwenye mashina matupu hupita kwa urahisi zaidi, yakifika kwenye matawi hukwama tena.

Vipimo vilivyokusanywa kutoka misitu mbalimbali duniani vinaonyesha kwamba mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi ya upepo kwa asilimia 13 hadi 66. Upana wa masafa hayo ndio unaotufanya tusiwatajie idadi ya mita. Atakayewatajia bila kuhesabu mizizi yenu na kupima mteremko wa tope lenu amebahatisha.

Miche ya miaka miwili hupinda, ni michache kwa kila mita ya mraba, na maji yakijaa hufunikwa yote au karibu yote. Katika modeli, mchango wake kwa wimbi ni mdogo mno. Tunaongeza jambo ambalo hamkuuliza: msiipande juu ya nyasi bahari, wala chini ya usawa wa wastani wa bahari, ati kwa kuwa huko ndiko wimbi linakotokea. Mikoko hufa huko, na nyasi zilizokuwa zikifanya kazi ndogo lakini ya kweli huharibiwa kwa kukanyagwa.

SWALI: Yote haya ni hesabu tu. Kuna mtu yeyote aliyewahi kuchukua mimea halisi na wimbi kubwa halisi akaona kinachotokea?

JIBU: Yupo. Katika mfereji mkubwa wa mawimbi ulioko Hannover, Ujerumani, wenye urefu wa mita 300 hivi, Iris Möller na wenzake walihamishia mabonge ya udongo wa kinamasi cha chumvi pamoja na mimea yake, wakatandaza eneo lenye urefu wa karibu mita 40, wakalifunika kwa maji ya mita 2 na kulipiga kwa mawimbi yaliyofika sentimita 90. Kisha wakaikata mimea na kurudia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: hadi asilimia 60 ya upungufu wa wimbi ulitokana na mimea, na uliobaki ulitokana na ardhi yenyewe. Mawimbi yalipokuwa makubwa zaidi mashina yalilala na mengine yakavunjika, hivyo msaada wake ukapungua, lakini udongo uliokuwa chini ulibaki mahali pake.

Kuvunjika ndiko kunakokosekana katika programu nyingi. Hata zile zinazofuata mwendo wa maji hatua kwa hatua, kama OpenFOAM, kwa kawaida haziwezi kuhesabu kila jani: ukanda wa mwanafunzi wetu wa Chwaka, ukiwa na upana wa mita 1 tu, una majani 50,000. Hukokotolewa jani moja la mfano kwa kila kisanduku cha modeli na kuzidishwa kwa wingi wake, na jani hilo la mfano, hata lipigwe na wimbi la namna gani, huinama na kuinuka likiwa zima.