Arusha moja kwa moja? Haiwezekani tena

Ndugu umeuliza kama wakili anaweza kuipeleka moja kwa moja Arusha kesi yako ya leseni kufutwa bila kusikilizwa. Hapana ndugu, wakili hata awe bingwa wa haki za binadamu vipi hawezi kukuchukua hapa Tanga akakupeleka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha kwa jina lako, mlango huo serikali ilishaufunga, ilijitoa Novemba 2019 kwenye lile tamko la kuruhusu raia na NGO kushtaki wenyewe na kujitoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020, kesi zilizofunguliwa kabla ya hapo ndo zinaendelea. Mi nimekaa miaka kadhaa ofisi ya wakili Ngamiani, napiga chapa hizo hati, na wateja wa swali hilo hawaishi.

Ila msichanganye, Arusha kuna mahakama mbili jamani. Ile ya Afrika Mashariki bado raia unaingia, tena huhitaji kumaliza kwanza mahakama za nyumbani, lakini unabanwa na miezi miwili tu tangu tukio au tangu ulipojua, na hoja iwe mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umevunjwa, sio "nimeonewa" basi.

Kwa hilo la leseni kufutwa bila kusikilizwa mi ningeanzia Mahakama Kuu hapahapa Tanga, mapitio ya uamuzi, yaani jaji anaangalia kama uamuzi ulifuata sheria, unaomba kwanza kibali cha kufungua maombi hayo ndani ya miezi 6. Wengi wanapoteza haki yao hapo, wanazunguka na barua halmashauri mpaka muda unakata, halafu ndo wanamtafuta wakili.