Bajaji 40 za umeme kwenye laptopu, na mzee wa kijiwe aliyeniumbua

Juzi usiku mdogo wetu mmoja wa chuo kanitumia meseji, "shikamoo kaka, naomba unielekeze kufanya simulesheni ya bajaji za umeme za kuchangia hapa Tanga, programu nishaishusha, nimebakiza wiki tatu nikabidhi." Simulesheni ni kuuigiza mji kwenye kompyuta uone bajaji zitaendaje. Nikaanza kumjibu palepale nikajikuta naandika gazeti zima, nikaona bora niweke hapa, maana najua mko wengi mnaoitaka hii kitu.

Wiki tatu! Mimi imenila miezi saba, pamoja na nusu ya nywele zangu.

Kosa langu la kwanza nilianzia kwenye kusoma. Kuna utafiti wa 2017 wa watu wa chuo cha MIT cha Marekani, walichukua safari za teksi za New York wakaonyesha kwamba magari 3,000 ya abiria wannewanne yakipangwa vizuri yanabeba asilimia 98 ya abiria waliokuwa wanabebwa na teksi zaidi ya 13,000, na mtu anasubiri kwa wastani dakika ambazo hata tatu hazifiki. Basi kichwa kikanivimba. Nikajiambia kama New York imewezekana, hapa kwetu kutoka Kange mpaka Raskazone nitashindwaje? Nikasahau kitu kimoja, teksi ya New York kila safari inaandikwa kwenye mita. Bajaji ya Ngamiani ikishaondoka inachoacha ni vumbi.

Sa ikabidi data tuitengeneze wenyewe. Nikamchukua binamu yangu, tukakaa Kange siku tatu na madaftari tunahesabu bajaji, mimi asubuhi yeye jioni, siku ya tatu tukabadilishana. Nikaja kuingiza namba kwenye SUMO (ni programu ya bure, Wajerumani wa DLR, shirika lao la anga, wanaitoa tangu 2001, bajaji za umeme na vituo vya kuchaji vyote inaviweza), narun, nakuta Tanga ina foleni ya kufa mtu saa saba usiku. Nikakesha natafuta kosa kwenye kodi, yaani maandishi ya programu. Kumbe binamu kaandika "saa 1" akimaanisha saa moja asubuhi kama mtu yeyote mwenye akili timamu, na laptopu ikasoma saa 1 yake ya kizungu. Siku mbili zimeenda hivyo.

Afu kuna hii ya magari kupotea. Kwenye ramani niliyochukua OpenStreetMap (ramani ya bure ya mtandaoni) kulikuwa na mtaa mmoja Makorora haujaungana na barabara kubwa, bajaji zinafika pale zinakwama. Ila mimi foleni siioni! Nikafurahi, nikasema mji wangu unapitika. Kumbe SUMO gari likikwama sekunde 300 linanyanyuliwa na kutokezea mbele ya safari kana kwamba limepita. Tanga kwa majini tunasifika lakini hayo ya kwenye laptopu sikuyategemea. Inaandika onyo kabisa, mimi maonyo nilikuwa siyasomi. Na majibu yalikuwa yanatoka yaleyale kila nikirun, nikaona modeli imetulia, kumbe ile mbegu ya bahati nasibu (namba ambayo kompyuta inaanzia kubahatisha mambo ya siku) usipoibadilisha wewe inabaki ileile, kwa hiyo nilikuwa naangalia siku moja mara kumi.

Nikayarekebisha hayo nikajiona nimemaliza. Nikaitwa ofisi fulani kuwasilisha, sitaitaja. Shati nimepiga pasi, projekta inawaka. Bajaji 40, beti (betri) za volti 72 na amp-saa 40, yaani kama uniti 2.9 kila moja, chaja nane, kila chaja inajaza beti iliyokauka kwa masaa manne. Piga hesabu, chaja moja kwa siku ni bajaji sita, mara nane ni 48. Inatosha na chenji inabaki. Wa kwanza kuuliza akauliza umeme utatoka wapi, nikamjibu zote 40 zikichomekwa kwa pamoja hazifiki kilowati 30, na mto Pangani peke yake una megawati 68 pale Pangani Falls na 21 pale Hale, ndani ya mkoa wetu huuhuu. Hapo nilikuwa juu. Akafuata mwingine, "kijana, hii gemu ina leveli ngapi?" Ukumbi mzima ukacheka.

Sijasahau. Nasema ukweli, mpaka leo nikipita ile barabara naangalia pembeni.

Lakini kilichoniua hakikuwa kile kicheko. Kulikuwa na mzee mmoja wa kijiwe kaalikwa, kanyamaza muda wote, mwishoni akasema taratibu, "mwanangu, hizi bajaji zako hazina matajiri?" Sikumwelewa. Akaniambia dereva anatakiwa jioni apeleke hesabu kwa tajiri mwenye bajaji, hawezi kuacha abiria wa asubuhi eti beti imeshuka mpaka asilimia 30 aende kuchaji. Atakimbiza mpaka adhuhuri abiria wakipungua, aende kuswali, ale, achomeke. Wote. Na Ijumaa ndo usiseme.

Nilimchukia yule mzee wiki mbili. Afu nikaingiza alichosema. Saa sita wanakuja pamoja, nane wa kwanza wanachomoa saa kumi jioni, nane wanaofuata saa mbili usiku, wa kumi na saba ndo kwanza anachomeka hiyo saa mbili na hesabu ya tajiri hana. Wastani wangu wa siku ulikuwa sahihi kabisa, na mradi umekufa.

Nikaenda kukaa kijiweni kwake mwezi mzima, nakunywa chai ya rangi nasikiliza. Nikaondoa bajaji zangu zilizokuwa zinazurura tupu mtaani, maana madereva wa kwetu wanapanga foleni kijiweni. Nikaweka matajiri. Nikajaribu kupunguza hesabu kwa anayekubali kuchaji saa nne asubuhi, nikajaribu na kubadilisha beti badala ya kuchaji kama wanavyofanya bodaboda za umeme za Kigali, na foleni ya mchana ikakatika. Mwezi uliopita yule wa leveli kanipigia mwenyewe, "injinia, lile faili bado unalo?" Injinia! Nilimwambia nitaangalia.

Kwa hiyo vijana nendeni kijiweni. Kabla ya kodi, kijiweni. Modeli ikikupa jibu zuri, rudi kijiweni. Mnapenda kukaa kwenye feni mnachora mji ambao hamjawahi kuuulizia nauli, afu mnalalamika hamsikilizwi. Msiniambie hakuna data, data inakunywa kahawa pale Mikanjuni.

Nimemtumia mdogo wangu haya yote. Kajibu, "sawa kaka nimekuelewa, ila naomba tu faili."

Nimemtumia na faili. Ila masaa nimeyaacha kama binamu alivyoyaandika.