Re: Kung'arisha mawe kwa baiskeli

Mkuu, umeuliza kama tairi la nyuma linaweza kuzungusha pipa la mawe (ndoo ambamo mawe huzunguka na kusuguana hadi yang'ae). Linaweza, ila mwendo utakuwa mkali: tairi la inchi 26 likigusa ndoo ya sentimita 20, ndoo inazunguka zaidi ya mara tatu kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mawe yatanata ukutani badala ya kuporomoka. Tafuta mtaa wa Gerezani, Dar, gia mbili za pedeli zenye meno sawa, moja ibaki kwenye pedeli na nyingine izungushe ndoo, funga cheni, kanyaga taratibu, mizunguko kama 45 kwa dakika. Jaza ndoo theluthi mbili tu. Tanzanaiti usitie, itapasuka. Shughuli ipo kwenye muda: kwa mota, hatua moja ya kusugua (ziko kadhaa) huchukua kama wiki, usiku na mchana. Andaa vijana wa mtaa wa kukanyaga kwa zamu! Tope linalobaki ndooni usilimwage kwenye sinki, litaziba bomba.