Bonyeza swichi kwa kidole kabla ya kugusa mipangilio

Ruta yangu ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ilisimama mara nne jioni moja, katikati ya kuchonga, na kila mara ujumbe ulikuwa uleule: ALARM:1. Maana yake swichi ya kikomo, ile inayoguswa mashine ikifika mwisho wa mwendo, imeguswa. Nikachungulia. Daraja la mashine, ile sehemu inayobeba mota ya kukatia, lilikuwa katikati kabisa ya meza, na swichi iliyo karibu zaidi ilikuwa mbali zaidi ya shibiri. Hakuna kilichoigusa, labda jini.

Nilifanya wafanyavyo wengi: nikaingia kwenye mipangilio ya GRBL, programu iliyo ndani ya bodi inayoendesha mashine, nikabadilisha namba hii na ile, nikaharibu hata vilivyokuwa vizima. Siku hizi nikipata tatizo la swichi naanza na kidole.

Zima mota ya kukatia, ondoa kisu, halafu fungua dirisha la kuandikia amri. Andika alama ya kuuliza, ?, nayo GRBL 1.1 itakujibu kwa mstari mmoja wenye hali ya mashine. Sasa bonyeza swichi ya X kwa kidole, ishikilie, uulize tena. Kwenye mstari panapaswa kutokea Pn:X. Achia, uliza tena, Pn itoweke. Fanya hivyo kwa Y na Z. Ikitokea Pn:Y ulipobonyeza X, umepishanisha waya. Isipotokea kitu, waya umekatika au umeuchomeka pini isiyo yake. Ikionekana Pn:XYZ wakati hakuna swichi iliyobonyezwa, angalia mpangilio wa $5 kwanza, maana huenda swichi zako zimefungwa mpaka ziguswe (NC) na programu inadhani ziko wazi mpaka ziguswe (NO), au kinyume chake.

Hapo kwenye Z nilipoteza jioni mbili. X na Y zilijibu vizuri, Z kimya. Nikabadilisha swichi, kimya. Nikapima waya kwa multimita, uko mzima. Kumbe matoleo mapya ya GRBL yanayoweza kurekebisha kasi ya mota ya kukatia yalibadilishana pini mbili: kikomo cha Z kilihamishwa kutoka pini 11 ya Arduino Uno, bodi inayobeba GRBL, kwenda pini 12, na 11 ikapewa udhibiti wa kasi. Bodi nyingi za kupachika juu ya Uno bado zimeandikwa kwa mpango wa zamani. Kwa hiyo pale palipoandikwa Z sipo pa Z. Nikahamishia waya kwenye pini 12, nikabonyeza, na Pn:Z ikatokea hapohapo. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Swichi zikishajibu kwa kidole, ndipo uingie kwenye homingi, yaani mashine kujitafutia mwanzo wake kwa amri ya $H. Hakikisha kwanza kwamba ukiisogeza kwa vitufe vya programu, X chanya inakwenda kulia, Y chanya inakwenda mbali nawe, na Z chanya inapanda. Kama sivyo, rekebisha $3, inayogeuza upande wa mwendo. Ukiruka hatua hii ukakimbilia $23, ambayo ndiyo huamua homingi iende upande gani, utakuwa unarekebisha kosa moja kwa kosa jingine, na siku utakayogeuza $3 kila kitu kitapinduka tena. Mara ya kwanza ya $H weka daraja katikati ya meza, mkono wako uwe kwenye kitufe cha kuzima umeme, na mashine ikianza kwenda upande usio na swichi uuzime. Pia unaweza kuidanganya: ikiwa inakwenda, bonyeza swichi kwa kidole uone kama inasimama. Z inapaswa kupanda kwanza, ndipo X na Y ziende, ili kisu kisiburuzwe kwenye kazi.

ALARM:9 maana yake imetafuta swichi na haikuiona. Masafa ya kutafuta yanatokana na urefu wa mhimili uliouandika kwenye $130 hadi $132, mara moja na nusu. Ukiandika milimita 200 kwenye mashine ya milimita 700, itakata tamaa njiani. ALARM:8 ni kinyume: imeiona swichi, ikarudi nyuma kidogo, lakini swichi bado imeshikwa. Swichi zenye ulimi mrefu hazijiachii mapema, na milimita 1 ya kawaida ya $27 haitoshi. Mimi niliweka 3, basi. Lakini kama umefunga swichi mbili za mhimili mmoja kwenye pini moja, moja kila mwisho, ALARM:8 huja pia pale unapoanza homingi huku daraja likigusa ile ya upande usio wa nyumbani: mashine inadhani imefika, inarudi nyuma, na kurudi nyuma huko kunaikandamiza swichi zaidi. Lisogeze daraja katikati, uanze upya.

Sasa turudi kwa yule jini. Niliiendesha kazi ileile hewani mota ya kukatia ikiwa imezimwa, na ikaisha bila alamu. Nikawasha mota: alamu. Nikazima mota nikawasha mashine ya kufyonza vumbi peke yake: alamu tena. Basi nikafuata waya wa swichi ya Z kwa macho, nikakuta nimeufunga pamoja na kebo ya mota ya kukatia kwa urefu wote, kwa unadhifu wa kupigiwa makofi.

Swichi zangu zilikuwa za aina iliyo wazi mpaka iguswe. Waya wa namna hiyo unaning'inia pinini bila kushikwa na kitu ila kinzani dhaifu iliyo ndani ya chipu, na unanasa kelele za umeme kama antena. Nilihamia kwenye kituo cha NC cha swichi zilezile: sasa pini imeshikwa kwenye ardhi ya bodi muda wote, na kelele hazina nafasi ya kuinyanyua. Faida ya pili ni kwamba waya ukikatika, mashine inajua mara moja. Nikatenga waya na kebo ya mota, nikaweka kebo yenye ngao iliyounganishwa ardhi upande wa bodi tu, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya kila pini na ardhi. Ukihamia NC kumbuka $5=1, na kama mhimili mmoja hauna swichi kabisa, unganisha pini yake na ardhi, la sivyo itasomeka imeguswa daima.

Jambo moja nalisema kwa ukali kidogo: ALARM:1 ikitokea mashine inakwenda, usiandike $X, amri ya kufuta alamu, uendelee kuchonga. Kusimama ghafla kunaweza kupoteza hatua za mota, na namba za kwenye skrini si za kuaminiwa tena. Nilifanya hivyo mara moja, na herufi ya mwisho ya kibao nilichokuwa nachonga ikachongwa kando ya pale ilipopaswa kuwa, kwa upana wa kidole.