Pumzi Kwanza: Kwa Anayeanza Kutungia Kwaya Mashairi ya Masufi

Ukilishika shairi la Kisufi kwa mara ya kwanza ukitaka kulitungia muziki wa kwaya bila ala, moyo utakimbilia kwenye uzuri. Utasikia sauti nane zikirundikana juu ya neno "mahaba", besi wakinguruma, soprano wakipaa. Nami nilianzia huko. Nimetunga, nimechana, nimesimama mbele ya waimbaji waliochoka nikajua kosa ni langu, si lao. Kama ningeruhusiwa kukuachia jambo moja tu ningekuambia hili: kabla hujaandika noti yoyote, tafuta mahali shairi linapovuta pumzi. Kwaya isiyo na ala haina kitu kingine ila pumzi, na washairi hawa waliijua pumzi kuliko sisi.

Lakini kwanza, jua unatunga maneno ya nani. Kazi yangu ya kwanza niliitunga kwa maneno matamu ya Kiingereza yaliyokuwa na jina la Rumi, mshairi Msufi wa Kiajemi, chini yake. Ikaimbwa, watu wakaipenda. Baadaye nilianza kuyatafuta maneno yale katika Kiajemi, nikayatafuta kwa majuma mengi, sikuyaona katika Masnavi wala katika Diwani ya Shams, vitabu vyake viwili vikuu vya mashairi. Rumi, aliyezaliwa mwaka 1207 na kufa Konya, katika Uturuki ya leo, mwaka 1273, anabebeshwa leo maneno mengi asiyoyasema. Masnavi ina vitabu 6 na beti zake hufikia takriban 25,000, na katika matoleo ya kitaalamu kila ubeti una namba. Kama anayekupa shairi hawezi kukuonyesha linatoka wapi, liache. Mwingereza Reynold Nicholson alichapisha matini ya Kiajemi pamoja na tafsiri na maelezo kati ya mwaka 1925 na 1940. Kiingereza chake ni kikavu, hakiimbiki, lakini kitakuambia kilichosemwa. Ukitaka tafsiri mpya, omba ruhusa ya mfasiri kwa maandishi kabla ya kuanza kutunga. Usingoje mpaka kazi imalizike.

Kuhusu lugha ya kuimbia, nitasema wazi ninavyoona: imba lugha ya asili pale unapoweza, na usipoweza, fasiri kwa Kiswahili mwenyewe kuliko kupitia lugha ya tatu. Kiajemi hakitofautishi mume na mke katika neno lake la "yeye". Kiswahili pia hakitofautishi. Mpendwa katika mashairi ya Hafidh, mshairi mwingine wa Kiajemi, anaweza kuwa mtu, anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa Mungu, na shairi linaishi humo humo katika kutojulikana kwake. Wafasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua. Wewe hulazimiki, basi usichague.

Sasa turudi kwenye pumzi.

Masnavi inaanza na beti 18 za mwanzi, ule mwanzi uliokatwa kutoka kwenye matete ukawa filimbi, na tangu hapo unalilia kutengwa. Kila mshororo una silabi 11. Lakini kuhesabu silabi hakutoshi, kwa sababu katika arudhi ya Kiajemi, yaani kanuni zake za mizani, silabi zina urefu, nasi tuliozoea mizani ya Kiswahili hilo hutupita. Mshororo una nguzo tatu, yaani mafungu ya silabi. Nguzo ya kwanza ni ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Ya pili ni vivyo hivyo. Ya tatu ni ndefu, fupi, ndefu, halafu imekatika. Ukiipa silabi ndefu mapigo mawili na fupi pigo moja, nguzo ya kwanza inakupa mapigo 7, ya pili 7, na ya tatu 5.

Nilipoihesabu hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Yale mawili yaliyopungua ni pumzi. Mshororo wenyewe umeacha nafasi ya mwimbaji kuvuta hewa, na nafasi hiyo ina kipimo kamili. Mimi nilikuwa nimeijaza kwa kumvutisha mwimbaji silabi ya mwisho ili muziki "usikatike". Shairi linazungumza juu ya kukatwa, nami nilikuwa naziba mkato.

Kwa hiyo ukitungia Masnavi, jaribu kuandika vipimo vya mapigo 7, uyagawe 2-1-2-2, na ukifika mwisho wa mshororo uache mapigo mawili matupu. Usiufanye mwendo kuwa mgumu kama saa ya ukutani. Wasomaji wa Kiajemi huuchezea. Ila mifupa iwe ile. Na hapa nitakwenda kinyume na walimu wengi wa kwaya: waache waimbaji wapumue pamoja, na wasikike. Wamefundishwa kuificha pumzi. Katika shairi la mwanzi, sauti ya watu thelathini wakivuta hewa kwa wakati mmoja ni sehemu ya utunzi. Iandike kwenye karatasi, la sivyo wataificha kwa mazoea.

Matamshi nayo yanafuata urefu huo huo. Maneno ya kwanza kabisa, katika usomaji ulioenea, ni *bishnav az nay*, yaani "sikiliza kutoka kwa mwanzi". Ukiyaandika chini ya noti yakiwa yametengana, arudhi inavunjika. Hutamkwa *bish-na-vaz-nay*: v inaruka kwenda neno la pili. Kaa na msomaji wa Kiajemi, mrekodi akisoma polepole, kisha gawanya silabi kwa masikio, si kwa macho.

Ubeti wa tisa wa sehemu hiyo ulinifundisha kuliko kitabu chochote cha utunzi. Unasema sauti ya mwanzi ni moto, si upepo, na asiye na moto huo na asiwepo. Mishororo yote miwili inaishia kwa *nist bad*. Wa kwanza maana yake ni "si upepo", wa pili ni "na atoweke". Sauti ni moja, maana mbili. Nilijaribu kuzitofautisha kwa upatanifu mpya, yaani noti nyingine za kulia pamoja, ikawa kelele. Mwishowe nilizipa noti zile zile, ila mara ya kwanza wanaume wa sauti ya tena (tenori) na wa besi peke yao, mara ya pili kwaya nzima kwa sauti ya chini kabisa. Msikilizaji asiyejua Kiajemi hata kidogo alihisi kwamba kitu kimegeuka.

Ikiwa Kiajemi kinakutisha, anza na Yunus Emre. Huyu alitunga kwa Kituruki karibu na mwisho wa karne ya 13, na mengi ya mashairi yake huhesabu silabi tu, kama sisi. Shairi lake lenye kiitikio *bana seni gerek seni*, "nakuhitaji wewe, wewe", lina silabi 8 kwa mshororo, mishororo minne kwa ubeti, na baada ya ubeti wa kwanza mitatu hupatana kwa vina kisha wa nne hurudi kwenye kiitikio. Aliyekua akisikia tenzi atalitambua umbo hilo kabla hajaelewa neno. Mizani nane, vina vitatu, kisha bahari, kile kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti. Mkono wako tayari unajua ubeti huo unainuka wapi na kutua wapi. Mpe mwimbaji mmoja mishororo mitatu, wengine wapokee wa nne. Kwa kazi ya kwanza hiyo inatosha kabisa.

Ghazali za Hafidh, mashairi mafupi ya mapenzi, ni ngumu zaidi, hasa kwa sababu kila ubeti unasimama peke yake. Si hadithi. Unaweza kuchagua beti nne au tano, mradi uuchukue wa kwanza, ambao vina vyake hupatana katika mishororo yote miwili, na wa mwisho, ambao mshairi hulitaja jina lake. Nyingi kati ya ghazali hizo zina neno au kifungu kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Hicho ni kiitikio umepewa bure. Usikibadilishe melodia, badilisha nani anaimba na kwa uzito gani.

Kuhusu upatanifu, punguza. Mashairi haya yameishi kwa karne nyingi ndani ya melodia moja isiyo na sauti za kuambatana, na ukiyavika noti nne kwa kila silabi yanazama. Besi washikilie sauti moja ndefu wakipokezana pumzi (hapo ndipo pumzi ifichwe), juu yake melodia itembee. Ukitaka kuingia kwenye maqamu (ngazi za noti za muziki wa Mashariki ya Kati) kama Rast, ambayo mi yake iko chini ya mi ya piano, iachie melodia peke yake juu ya sauti hiyo ya besi. Nilipoiweka mi hiyo ndani ya upatanifu wa sauti nne, kila mwimbaji aliivuta upande wake.

Na kwaya itashuka. Utaanza do moja na kumalizia do nyingine. Si uvivu wa waimbaji. Masikio hupenda upatanifu ulio safi, na mfuatano fulani wa kawaida wa upatanifu, kila ukirudiwa kwa usafi huo, huishusha kwaya kwa takriban sehemu ya tano ya nusu toni. Ukiona kipande kinashuka daima mahali pale pale, usiwakemee, kitazame ulichoandika.

Lipo jambo ninalolisema kwa uzito. Maneno ya zikri si pambo. Nimeona watunzi wakichukua jina la Mungu na kulifanya mdundo wa chini, kama ngoma, ili wengine waimbe juu yake. Kwa wenye tarika hilo ni ibada yenye adabu zake, tena wapo, kama Wanaqshbandi, ambao msingi wa zikri yao ni ya kimya, ndani ya moyo. Kabla ya kulitumia, nenda kamuulize mtu anayelisema kwa imani, na akikuambia acha, acha. Na katika kwaya yako, waeleze waimbaji maana ya kila mshororo siku ya kwanza, ili asiyetaka kuutamka aseme mapema bila aibu.

Mwisho wa kazi ndipo wengi tunapoharibu. Ghazali nyingi za Diwani ya Shams hufika mwisho kwa neno *khamush*, "kimya", mahali ambapo mshairi mwingine angeweka jina lake. Usilimalizie neno hili kwa sauti kubwa. Andika vipimo vya kimya baada yake, vihesabiwe, karatasi zisifunuliwe, mikono ya kiongozi ibaki juu. Lisikilize pia lenyewe: linaanza kwa *kh*, hewa inayokwaruza koo, na linaishia kwa *sh*, hewa tupu. Nilikuwa nawakatisha waimbaji pamoja kwenye *sh* hiyo kwa ishara ya mkono, kama nilivyofundishwa. Siku hizi siwakatishi. Kila mmoja anaiacha itoke mpaka pumzi yake imwishie, mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki mmoja.