Nani abaki, nani aende: kwa mnaoanza kusimamia timu ya baiskeli

Tanga hatuna shida ya kupata waendesha baiskeli. Mji ni tambarare, na kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni watoto wanakua juu ya baiskeli. Shida huja msimu ukiisha: mdhamini amepunguza mkono, baiskeli nzima ni chache kuliko vijana, na mnaitwa kwenye kikao kuulizwa nani abaki. Nimekaa vikao hivyo miaka mingi. Pia nafuatilia timu za kulipwa za Ulaya, kwa sababu nao huamua jambo hilohilo kila mwaka, tofauti ni kwamba kwao kuna mikataba na fedha nyingi.

Kwa kuwa ndiyo njia rahisi, mtaanza na karatasi ya matokeo na kuwawekea alama ya vema walioshika nafasi za juu. Karatasi ile inasema nani alikuwa wa kwanza kuvuka mstari. Haisemi nani alimfikisha pale. Kwenye mbio za barabarani mpinzani mkubwa ni upepo, na anayekaa mgongoni kwa mwenzake anaokoa hata theluthi moja ya nguvu zake. Kwa hiyo ushindi wa mmoja umelipiwa na miguu ya wengine, na hao wengine utawakuta chini kabisa ya karatasi.

Basi pandeni pikipiki mkaangalie wenyewe. Fuateni kundi kwenye barabara ya Muheza, na baada ya Pongwe, upepo unapowapiga ubavuni, msimtazame anayeongoza tu. Tazameni anakaa mbele kwa muda gani na akitoka anakwenda wapi. Yuko anayekata upepo dakika moja kisha akajificha nyuma hadi mwisho. Yuko anayerudi gari la timu, akajaza chupa za maji kwenye jezi hadi mgongo ukavimba, akapanda tena kundi zima kuwagawia wenzake, na chupa ya nahodha akampa akiwa ameshaifungua. Nilimwona mmoja, nahodha wake alipopata pancha, akashuka bila kuambiwa, akachomoa gurudumu lake la mbele akampa, kisha akabaki kando ya njia ameshika lile lililotoboka. Karatasi ikaandika kwamba hakumaliza. Kikaoni kuna aliyetaka aondolewe kwa sababu hiyo. Kwa maoni yangu, heri umwachie nahodha aende kuliko huyo, kwani wenye mbio wapo kila mtaa.

Timu kubwa zinalijua hili. Mwaka 2021 Mark Cavendish wa Uingereza, mtimkaji, yaani mtu wa kasi ya mita za mwisho, alishinda hatua nne za Tour de France, mbio ya Ufaransa ya wiki tatu ambayo kila siku ina hatua yake na mshindi wake, na kuifikia rekodi ya Mbelgiji Eddy Merckx ya hatua 34, na aliyekuwa akimpeleka hadi mita za mwisho ni Michael Mørkøv wa Denmark. Mwisho wa 2022 timu yake haikumpa Cavendish mkataba mpya. Astana, timu ya Kazakhstan, ikamchukua, na kwa msimu wa 2024 ikamleta na Mørkøv. Julai mwaka huo Cavendish, akiwa na miaka 39, akashinda hatua ya 35.

Msitoke hapo mkasema wazee wabaki wote. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, amempita Cavendish siku moja tu kwa umri; wote ni wa Mei 1985. Alishinda Tour mara nne, ya mwisho 2017. Mwaka 2019 akaanguka vibaya na kuvunjika paja, na 2021 akahamia timu ya Israel. Tangu ahamie huko hakushinda mbio hata moja. Umri ni uleule, ila kazi si ileile. Mtimkaji anaweza kubebwa na wenzake mchana kutwa, akatumia miguu yake sekunde chache. Anayetaka jezi ya njano, ya mshindi wa Tour nzima, lazima apande milima mwenyewe kwa wiki tatu. Kwa hiyo msiulize ana miaka mingapi, ulizeni kazi yake inadai nini mwilini. Na jina kubwa lililipiwa na timu iliyotangulia. Nyie mnalipia msimu ujao.

Pointi nazo zina mtego wake. Timu za daraja la juu ni 18, na kuanzia 2020 hadi 2022 zilipangwa kwa pointi za UCI, chama cha baiskeli duniani, za miaka mitatu, zikihesabiwa za wachezaji kumi bora wa kila timu. Wakati ule kushinda hatua moja ya Tour kulileta pointi 120, na kushinda mbio ya siku moja ya daraja la 1.1, ambayo huku hata hatuisikii, kulileta 125! Timu zikaanza kuwatafuta waokota pointi. Timu za Lotto na Israel zilishuka daraja, ingawa zilikimbilia mbio ndogondogo dakika za mwisho. Kuanzia 2023 hatua ya Tour ikapandishwa hadi 210, na wanaohesabiwa wakawa 20. Mchezaji wa kumi na tano, ambaye jana alionekana mzigo, akawa na thamani. Kabla hamjamtoa mtu, someni kwanza kanuni za mwaka unaokuja.

Someni na ratiba. Kama mbio zenu nyingi ni za pwani, kwenda Pangani au Horohoro, mnahitaji wanene wa mapaja wanaostahimili upepo na joto. Mkiingia mbio ya kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita zaidi ya 30 za kupanda, hao wataachwa kwenye kona za mwanzo. Wembamba wawili watatu wa milimani wabakieni, hata kama tambarare wanawachosha roho.

Vijana wapeni muda. Ulaya anayeingia kwenye kulipwa kwa mara ya kwanza kwa kawaida hupewa mkataba wa miaka miwili, kwa kuwa mwaka wa kwanza unaishia kwenye kuzoea. Biniam Girmay wa Eritrea timu yake ya kwanza ya kulipwa, Delko, ilikwama kifedha mwaka 2021. Intermarché, timu isiyo na fedha nyingi, ikamchukua. Machi 2022 akashinda Gent-Wevelgem, mbio kubwa ya siku moja ya Ubelgiji, na 2024 akaondoka Tour na hatua tatu na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi.

Nidhamu sina mengi. Anayefika mazoezini alfajiri mnamjua, na anayetuma ujumbe wa udhuru mnamjua.

Mkishaamua, nendeni mkamwambie anayeondoka ana kwa ana, asije akazisikia kwa fundi baiskeli. Mwambieni mapema, timu nyingine zikiwa bado hazijafunga usajili, na mpeni barua inayoeleza kazi aliyoifanya: alivuta kundi wapi, alimsaidia nani kushinda. Kule anakokwenda wataanza na karatasi ya matokeo, na jina lake huko halipo.